Ndala ya Istar

...imegeuka tena, na sikuigusa, mikono yangu yote miwili iko kwenye birika, mmoja umeshika mpini na mwingine kitambaa, ndala nyekundu ya Istar imelala kifudifudi, soli juu, katikati ya viatu vya wageni mlangoni, mara ya kwanza nilidhani ni mbuzi, mara ya pili nikadhani ni huu upepo wa Isiolo unaong'oa hata mabati, lakini upepo ungegeuza na vya Maalim, ambavyo ni vyepesi na vimechanika, mbona unachagua kimoja tu, tena cha mtoto... ndani wanasoma dua ya safari, Maalim anaomba na wengine wanaitikia, amin, amin, ikifika amin ya mwisho watakunywa chai hii, kisha adeer Guleid, ndugu wa baba yangu, atawasha lori aende Kulamawe na magunia ya sukari, na Istar, binti yake, atapandishwa juu ya mzigo apelekwe kwa nyanya yake mpaka shule zifunguliwe, tangu asubuhi anaimba, nitakunywa maziwa ya ngamia, nitakunywa maziwa ya ngamia, na mimi kaninong'oneza, Kinsi, yako nitaleta kwa chupa... Chunga chai, alisema Mama Istar akipita, hakuniangalia, na usiguse viatu ya watu, umesikia? Nimesikia, mama. Hiyo mkono yako mimi naijua. Naye anaujua kweli, aliuona siku ile ya baba, mwaka wa njaa, wa mahindi ya njano ya msaada, baba yuko ndani anafunga kilemba na viatu vyake viko hapa hapa mlangoni, vimegeuka, nami nikainama nikavirudisha kama kila mtoto wa nyumba hii alivyofundishwa, kiatu hakiachwi soli ikitazama mbinguni, unakirudisha haraka na unaomba msamaha, nikavirudisha, vikageuka, nikavirudisha, vikageuka, na Mama Istar akatokea akanikuta nimeviinamia, na lori lilipopinduka njia ya Wajir na baba akaletwa amefungwa kwenye turubai, watu walilia, yeye alikuwa ananitazama vidole. Tangu hapo mimi si Kinsi binti Shire, mimi ni mtoto wa mama yangu tu, mtoto wa Natabo, mtoto wa yule Mturkana, sahani yangu inaoshwa peke yake, kwenye duksi tunakosoma Kurani naachiwa mkeka mzima, mtoto mchanga akiletwa natumwa maji, Istar peke yake ndiye hulala ameniegemea mgongo, hunikatia nusu ya anjera yake na wala hageuki kuona kama mama yake anatazama... na niliamini, hilo ndilo linaloniuma, niliamini kwamba nilimgusia baba kifo, nikawa nalala nimeilalia mikono yangu isije ikatoka gizani ikagusa mtu.

Lakini leo sijagusa. Leo mikono iko kwenye birika na ndala imegeuka yenyewe, basi hata siku ile... ngoja, chai inapanda, toa kaa moja, toa lingine, polepole... basi hata siku ile havikuwa vidole vyangu, babu Lokwang, baba yake mama, kwenye manyatta ng'ambo ya kiwanja cha ndege, alikuwa akirusha akala zake mbili, vile viatu vya tairi, mchangani na watu wazima wananyamaza, zinaanguka, anainama anazisoma, mvua iko wapi, mbuzi waende upande gani, na siku moja zikaanguka, moja ikalala kifudifudi, mimi nikakimbia kuirudisha, tabia za kwa baba, babu akanidaka kifundo cha mkono, hakukasirika, akasema neno na mama akanitafsiria, anasema umeziba mtu mdomo, ukikuta kiatu hivyo usikiguse, kiulize. Kiulize nini? Babu akacheka, meno mawili tu. Chochote... na mimi miaka yote hii nimekuwa naziba mdomo, baba alikuwa anaambiwa mlangoni pake na mimi nikaziba, nikaziba tena... sina Kiturkana cha kuulizia, mama alikwenda nacho kaburini, nitauliza kwa hiki nilicho nacho, moyoni tu, midomo imefungwa, wapi? Na ndala inasogea. Inajikokota mchangani kama kobe, inachora nusu duara, ncha yake inasimama ikitazama barabara ya Kulamawe. Hakuna upepo. Kuku aliyekuwa anachakura kando ya kizingiti ameacha, ameinua mguu mmoja na hauteremshi. Istar akienda? Imetulia, soli juu. Asipoenda? Inainuka upande, inasimama kwa ukingo kana kwamba kuna mguu mdogo ndani yake, inajilaza vizuri. Pengine nina wazimu, nauliza tena, akienda? Imegeuka. Asipoenda? Imerudi. Akienda? Imegeuka, vumbi kidogo limeruka, na mwili unanisisimka kuanzia visigino, naogopa, naogopa sana, na katikati ya hofu kuna furaha ninayoionea haya, baba, sikuwa mimi.

Tujaalie barabara nyeupe, anasema Maalim, amin, wanasema, na ya Istar inachelewa, nyembamba, nyuma ya zote, amin... naweza kuirudisha ndala nikanyamaza, niendelee kula hapa, naweza kuificha chini ya leso yangu, lakini mtoto mdogo hubebwa begani, hahitaji viatu, ila ikibaki hivi hivi hakuna mtu wa nyumba hii atakayeivuka, watasimama wote pale kizingitini, watauliza nani amegeuza, na Mama Istar atakuwa ameshaniangalia kabla swali halijaisha, nami nitasema, adeer, Istar asipande lori, watasema ni mimi, mkono ule ule, na adeer atamshusha mwanawe kwa kuogopa mkono wangu, hataniamini hata kidogo, na haidhuru, mradi ashuke. Na mimi je? Sikutaka kuuliza, swali limeniponyoka, na pale pembeni, mbali na viatu vya watu, akala zangu alizonikatia babu kwenye tairi kuukuu zinageuka pamoja, hazilali kifudifudi, hapana, zinatazama geti, moja mbele ya mwenzake kama za mtu ambaye ameshaanza kutembea... watanifukuza nirudi manyatta, na kule hakuna mtu sasa, ni babu tu, macho yameisha, anakula pale majirani wanapomkumbuka, na Istar hatavuka kiwanja cha ndege kunitafuta, hawatamruhusu, atakua, atasahau ile chupa ya maziwa, nitampata hivyo na nitamkosa hivyo hivyo... Maalim amevuta pumzi, ndiyo ya mwisho hiyo, chai iko tayari, naepua birika naliweka chini, mikono yangu naiweka juu ya magoti mahali kila anayetoka ataiona, na ndala naiacha ilivyo.