Watoto wa Wenye Maduka

Kila Ijumaa watu wakishatoka msikitini, mpiga mbiu wa Chama cha Wenye Maduka alisimama katikati ya soko la Masasi, akapuliza pembe na kutangaza habari za chama. Habari zenyewe zilikuwa za namna moja. Fulani kamchinjia mgeni mbuzi. Fulani kanunua saa ya ukutani, nzuri sana, ila hajui kuisoma. Chama kimefagia soko, maana yake watumwa wamefagia na wenye chama wamesimama kivulini wakinyoosha vidole. Hata siku moja hakutangaza kwamba mwenye duka kamnyang'anya mkulima wa Newala mzigo mzima wa nta, akampa chumvi iliyolowa.

Ijumaa hiyo alimalizia na skuli.

"Na watoto wa wanachama wanaongoza darasani!" alipaza sauti. "Anayewapita wote ni Bwanali bin Mahmudu, mwana wa mwenyekiti wetu! Mtoto kamfuata babake kwa akili!"

Uani kwa mwenyekiti, Somoe aliusimamisha mchi hewani. Bwanali alikuwa mwanawe. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwita bin Mahmudu. Walimwita "wewe", na akichelewa kuitika, walimwita mbwa.

Mambo yalikuwa hivi. Vita vya Maji Maji vilipokwisha, na njaa iliyofuata ikishawachukua iliowachukua, Wadachi, ndio Wajerumani, walifungua skuli Masasi. Bwana Shauri, mkubwa wao aliyekaa Lindi, akatoa amri kwamba kila mwenye duka kubwa apeleke mwanawe, mmoja, wa kumzaa mwenyewe. Atakayekaidi atalazwa kifudifudi sokoni apigwe hamsa ishirini, ndivyo walivyoviita viboko ishirini na tano.

Wenye maduka walikutana kwa Mahmudu, wakanywa kahawa hadi birika likakauka. Walisema skuli ni mtego. Watoto watalishwa nguruwe. Watavishwa suruali, halafu watafanywa askari na kupelekwa kufa nchi za watu. Kisha Mshamu, mtunza fedha wa chama, akatoa shauri ambalo wote walilisifu. Kwani Mdachi anawajua watoto wao? Kila mtu apeleke mtoto wa jikoni, amwandikishe kwa jina lake, basi.

Wakafanya hivyo. Wana wao wa kitandani wakabaki majumbani kunenepa, na watoto wa wapishi na wabeba maji wakaenda kusoma. Wasichokitazamia ni kwamba watoto wale wangesoma kweli. Chama kilipoona Bwana Shauri anafurahi, kikaanza kujisifia mbele ya watu kwa akili ambazo hakikuzizaa.

Isipokuwa Mahmudu. Yeye Bwanali alimzaa. Mtu yeyote mwenye macho aliliona hilo kwenye masikio ya mtoto, makubwa, yamesimama kama ya punda aliyesikia fisi, na masikio ya namna hiyo Masasi nzima yalikuwa juu ya vichwa viwili tu. Lakini Somoe alikuwa mtumwa, kaletwa kutoka upande wa Newala akiwa msichana, na Mahmudu alimwambia mkewe Mwanakombo kwamba huyo ni mtoto wa njiani. Somoe aliwahi kumwendea shehe kwa siri. Shehe akamjibu kwamba sheria haina mzunguko: bwana akitamka kwa kinywa chake mbele ya mashahidi kwamba mtoto ni wake, mtoto huyo ni muungwana, atarithi sawa na wenzake, na mama yake hauzwi tena. Asipotamka, hakuna la kufanya.

Tangu hapo Somoe hakuwa na haja nyingine duniani. Neno moja tu, kinywani mwa mtu ambaye hata akikanyaga kinyesi hukubali kwa shida kwamba mguu ni wake.

Mwezi wa kwanza wa Kizungu, mvua zikiwa zimeshika na njia zimegeuka tope, ikaja habari kwamba Bwana Shauri anakuja kusherehekea kuzaliwa kwa Kaisari, mfalme wa Wadachi. Skuli itaonyesha gwaride, nyimbo na hotuba. Mwanafunzi atakayeng'ara atapelekwa Lindi kusomea ukarani, na baadaye atarudi kuwa akida, kutoza kodi na kuamua kesi.

Neno akida lilimwingia Mahmudu kama homa. Jioni ya kuamkia sherehe alimwita Somoe barazani.

"Wewe Somoe. Kesho alfajiri mwanao aende shambani Nanganga akafukuze nguruwe kwenye mahindi. Asirudi mpaka nimwite."

"Na sherehe, Bwana? Si ndiye mwenye hotuba?"

"Atakwenda Muharami. Kanzu na kofia ya skuli mpe Muharami."

Muharami alikuwa mwana wa Mwanakombo, wa umri uleule, mnene, mpole, hana ubaya na mtu. Wakati huo alikuwa amelala kwenye mkeka na ndizi mkononi.

"Lakini, Bwana, skuli hajawahi kuiona."

"Hotuba ni maneno tu. Muharami anasema maneno tangu ana miaka miwili. Au unataka mtoto wa jikoni aje kunitoza mimi kodi?"

"Hapana, Bwana."

Somoe alirudi jikoni, akakaa mbele ya mafiga bila kupuliza moto. Mtoto akienda Nanganga, Muharami atapewa jina, sifa na safari, na Bwanali atafukuza nguruwe mpaka naye awe mzee wa kuitwa "wewe". Akikataa kumtuma, atapigwa yeye na mtoto atakwenda vilevile. Akafikiri sana, kisha akamwita.

"Kesho utakwenda Nanganga kama Bwana alivyosema. Ila upitie skuli kumuaga Mwalimu Haji. Si vizuri kuondoka bila kumuaga mwalimu."

"Na akiniuliza kwa nini naondoka?"

"Mwambie ukweli. Kwamba leo hotuba atasema Muharami."

Mwalimu Haji alikuwa mtu wa Tanga, mwoga kuliko kuku wa mgeni, na mshahara wake ulitegemea sherehe ile. Somoe alijua kabisa atakachofanya. Na kweli, mwalimu alipopata habari alishika kichwa, akaenda mbio kumwangukia mwenyekiti, akarudi ametukanwa. Kumkataa mwana wa mwenyekiti hawezi. Kumwachia Bwanali aende, hathubutu. Basi akamficha nyuma ya mkeka ulioning'inizwa uwanjani kuwa pazia, akamwagiza: mwenzako akisimama mbele, wewe sema kwa nguvu, yeye atachezesha mdomo.

Watu walijaa. Chini ya banda walikaa wenye maduka kwa vilemba vyao vipya, na shehe pembeni yao. Bwana Shauri alikaa kwenye kiti pekee chenye mgongo, ana masharubu yaliyochongoka kama pembe za swala, na nyuma yake askari wawili, mmoja kabeba bendera, mmoja kabeba kiboko. Wanawake walisimama juani, Mwanakombo mbele yao, Somoe nyuma kabisa, moshi wa pilau bado nguoni mwake.

Gwaride lilianza vizuri. Watoto waligeuka kulia kama mtu mmoja, Muharami akageuka kushoto, akakutana uso kwa uso na mwenziwe, akamwamkia. Watu wakacheka. Mahmudu naye akacheka, kwa sauti kubwa, ili ionekane ni utani uliopangwa.

Halafu hotuba. Muharami akasogea mbele ya mkeka, kanzu ya Bwanali imembana hata haiwezi kushuka tumboni. Akafumbua mdomo.

"Bwana wetu Kaisari," sauti ikatoka, kali na safi, "mwenye merikebu za moshi mia, aliyetuletea amani!"

Wazee kadhaa wakakohoa. Waliikumbuka amani hiyo. Ilipita vijijini ikichoma maghala.

"Mito ya kwao ni Raini, na Elbe, na Oda!" sauti iliendelea, na Muharami alitafuna hewa kwa bidii, nusu ya neno nyuma. Bwana Shauri akainama mbele, uso unang'aa. Mahmudu akamgusa Mshamu kwa kiwiko: unamwona mwanangu?

Hapo nzi akatua puani kwa Muharami. Akajizuia, akajizuia, kisha akapiga chafya ya haja, mwili mzima, hadi kofia ikaanguka. Hotuba haikusita. Ilitaja mji mkuu, ikataja mke wa Kaisari na wanawe, wakati mwenye hotuba ameinama anatafuta kofia kwenye tope. Aliposimama alikuwa amesahau kabisa kazi yake. Akajifuta pua, akafunga mdomo, akatulia akiwatazama watu, na sauti ikazidi kumtakia Kaisari maisha marefu.

Uwanja ulilia kwa kicheko. Mtu mmoja akaita, "Mwenyekiti! Mwanao anasemea tumboni!"

Bwana Shauri hakucheka. Alinyanyuka, akatembea hadi kwenye mkeka, akauinua kwa fimbo yake. Bwanali alikuwa amesimama wima nyuma yake, mikono ubavuni, kifua wazi kwa kuwa kanzu yake ilikuwa mwilini mwa mwenzake.

"Wewe nani?"

"Bwanali bin Mahmudu, Bwana Mkubwa." Ndivyo alivyoandikwa.

"Na wewe?"

"Muharami bin Mahmudu," alisema Muharami, akaongeza kwa adabu, "mimi huwa nashinda nyumbani."

Mwalimu Haji akatafuta mahali pa kukaa, akakosa, akakaa chini.

"Mahmudu!" Bwana Shauri aliita. "Njoo hapa. Nilisema, kila mtu mtoto wake. Nimesikia mji mwingine walinidanganya, wakaleta watumwa. Nimewapiga wote. Huyu nyuma ya mkeka, mwenye akili, ni mtoto wako, au ni mtumwa wako?"

Mahmudu alisimama. Alimtazama askari mwenye kiboko, ambaye alikuwa ameanza kukunja mikono ya shati. Akamtazama shehe. Akamtazama Mwanakombo. Popote alipogeuza macho palikuwa na hasara. Akisema mtumwa, ni hamsa ishirini sokoni, mbele ya wakulima wote aliowapunja. Akisema mwana, hakuna kurudi nyuma tena.

Somoe alikuwa amejipenyeza mpaka mbele. Alishika kanga yake kwa mikono miwili, akamkazia macho mdomoni.

"Ni... wetu wa pale nyumbani," alisema Mahmudu.

"Nyumbani kuna mbuzi pia. Mtoto wako au si wako?"

"Wangu," kwa sauti ya kuzama.

"Sema kwa nguvu! Mwanao mdogo kasema kwa nguvu."

"Ni mwanangu!" alipiga kelele Mahmudu, jasho linamdondoka ndevuni. "Mwanangu wa damu!"

"Tumesikia," alisema shehe, tena haraka, kama mtu aliyekuwa anangoja zamu yake. "Mashahidi ndio hawa wote. Mtoto ni muungwana tangu leo, na mama yake ni mama wa mtoto wa bwana. Hauzwi."

Mwanakombo akashika kiuno. "Siku zote unaniambia ni mtoto wa njiani. Njia gani hiyo, Mahmudu, inayopita chumbani kwako?"

Bwana Shauri akageukia bandani. "Na nyinyi wengine?"

Mwenyekiti akishatumbukia, wanachama wafanye nini? Walisimama mmoja baada ya mmoja, vilemba vimewalegea, na kila mmoja akadai mtoto kwa sauti kuu kama mtu anayenadi kitambaa. Wangu, Bwana Mkubwa! Na huyu wangu! Mshamu, mwenye shauri lile zuri, alimdai mtoto ambaye baba yake halisi, mchukuzi wa mizigo, alikuwa amesimama hatua chache tu. Mchukuzi akafungua mdomo abishe. Akaliangalia duka la Mshamu ng'ambo ya uwanja, mlango wa mbao, bati juu. Akafunga mdomo. Shehe, ambaye alimjua vizuri mchukuzi yule, safari hii alitazama mawingu.

Bwana Shauri aliridhika. Alisema hajapata kuona mji wenye wazazi watiifu namna hii, na kwamba Bwanali ataondoka naye kwenda Lindi mvua zikipungua. Kisha akauliza chakula kiko wapi.

Mahmudu alimkuta Somoe kwenye masufuria. "Umeniua," alimnong'oneza. "Wewe ndiye uliyemficha pale."

"Mimi nilikuwa jikoni, Bwana. Na aliyesema mwanangu ni wewe."

Somoe akalibeba sinia mwenyewe hadi bandani. Kila mwenye duka alikaa na wanawe kuzunguka sinia moja, na siku hiyo masinia yalibana. Bwanali, kwa mazoea, alikuwa ameshaanza kuelekea nyuma kwenye ukoko.

"Wewe mtoto, unakwenda wapi?" alisema shehe. "Baba yako amekaa pale."

Muharami ndiye wa kwanza kusogea. Akapapasa mkeka kumwonyesha nafasi. Bwanali akakaa kwenye ukingo, mikono magotini, hagusi kitu.

Baba ndiye hugawa nyama. Mahmudu akachukua pande lenye mafuta, akampa Muharami, akajifuta vidole kana kwamba kazi imekwisha. Kutoka kwenye kiti chenye mgongo, Bwana Shauri, paja la kuku mkononi, alikuwa anamtazama. Na shehe anamtazama. Na Mwanakombo, kutoka kule kwa wanawake, hakuwa anatazama kitu kingine. Mahmudu akarudisha mkono siniani, akachagua, akaweka pande la nyama mbele ya Bwanali.

Mtoto akageuza uso kumtafuta mama yake.

"Kula," alisema Somoe. "Uko kwenu."