Mchwa Kwenye Mstari wa Wino

Asubuhi ya ukaguzi, Mwalimu Mkuu aliingia darasa la tano kabla ya kengele, amevaa lile koti lake la harusi na mazishi, akamkuta mwalimu wa sayansi yuko chini ya meza anawabembeleza mchwa waingie kwenye sahani.

"Mama wee! Leo? Leo hii?"

"Wameshaamka, Mkuu. Niwaambie warudi kulala?"

Mkuu hakucheka. Alimwambia, kwa mnong'ono uliosikika hadi uwanjani, kwamba Mkaguzi akikuta wadudu mahali pa kitabu, darasa la tano linakwenda kwa Mwalimu Kiitikio siku hiyo hiyo, na yeye anakwenda stoo kutunza majembe na mipira iliyopasuka. Kiitikio mwenyewe alikuwa tayari amesimama kwenye korido na boksi lake la chaki, anatabasamu kama bwana harusi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi, na lilimkaa. Kwake kila kitu kiliimbwa. Jua ni? Nyotaaa! Mpita njia angedhani ni kwaya. Ukimvuta mmoja pembeni ukamwuliza nyota ni kitu gani, anakuimbia tena, safari hii kwa sauti ya juu zaidi.

Mwalimu wa sayansi alikuwa na kumbukumbu ndefu, na hasira yake haikuwahi kwenda likizo. Alipokuwa mtoto aliwahi kuuliza darasani: ukilipanda haragwe kichwa chini, mche utatokea wapi? Akapigishwa magoti kwenye kokoto mpaka mapumziko. Kwa kuuliza tu! Na haragwe lenyewe hakuna aliyelipanda. Yule mwalimu wake alimkumbuka mpaka leo, mpaka tundu la soksi yake. Ndiyo maana kwake yeye hakuna mtoto aliyepigishwa magoti, isipokuwa kwa hiari, ili amwone mdudu vizuri zaidi.

Na darasani kwake sheria ilikuwa moja tu: mtu akitoa jibu, hata awe nani, anaulizwa, "Utajuaje?"

Mambo ya mchwa yalianza kwenye fremu ya mlango iliyooza. Kipande kilibanduka, mchwa wakamwagika juu ya daftari la msichana mmoja mdogo waliyemwita Kiroboto kwa sababu hakuwahi kukaa kitako. Badala ya kutawanyika, mchwa wakashika mstari alioupiga kwa kalamu, wakaufuata mmoja nyuma ya mwingine, kona kwa kona, kama watu wa foleni ya benki. Darasa lilipiga kelele hadi mlinzi wa geti akaja na rungu.

"Wanapenda bluu," mwalimu alisema.

"Utajuaje, Mwalimu?" likarudi darasa zima.

Wakachora kwa kalamu nyekundu ya aina ileile: mchwa wakafuata. Wakachora kwa bluu ya aina nyingine: mchwa wakaipita kana kwamba haipo. Mwalimu alikuwa amekosea mchana kweupe, akacheza ngoma mbele ya ubao kwa furaha. Kwa hiyo si rangi. Sasa ni nini? Hapo ndipo walipofika, na hapo ndipo Mkaguzi alipobisha hodi.

Alikuwa mrefu, suti ya kijivu, uso wa mtu anayesubiri chafya isiyokuja. Mkuu alimfuata nyuma akijifuta jasho.

"Habari za asubuhi, watoto?"

"Ndiyo, Mheshimiwa!"

Mkaguzi alisita. "Leo mnajifunza nini?"

"Ndiyo, Mheshimiwa!"

"Mchwa ana miguu mingapi?"

"Ndiyo, Mheshimiwaaa!"

Mkuu alifumba macho. Jana yake alikuwa amewafanyisha mazoezi mpaka wakatoka povu: Mheshimiwa akiuliza, jibuni ndiyo. Wakajibu ndiyo. Ghafla akakumbuka kuwa soda za mgeni hazijatolewa, akatoka mbio, huku akimtupia mwalimu jicho la kuagana.

Mkaguzi akaiona sahani. "Na hawa ni wa nini?"

Kitabu kilikuwa mezani, kimefunguliwa kwenye ukurasa wa somo la siku hiyo. Mwalimu angeweza kukisukuma mbele, kuisukuma sahani nyuma, na mambo yakaisha salama. Aliiona stoo, akayaona majembe. Halafu akaona darasa zima limebana pumzi, Kiroboto ananing'inia ukingoni mwa dawati.

"Kiroboto," alisema, "mchoree mgeni."

Kiroboto aliruka. Akachora duara kubwa kwenye karatasi, akamimina mchwa katikati. Wakababaika kidogo, wakaupata mstari, wakaanza kuzunguka. Mkaguzi aliinama. Akainama zaidi. Tai yake ikaingia kwenye sahani.

"Ahaa," alisema. "Rahisi. Wanauona mstari."

Mwalimu alijua kinachokuja na hakuwa na mikono ya kutosha kuziba midomo yote ile.

"Utajuaje?" Kiroboto aliuliza.

Mkaguzi alinyanyuka polepole. "Unasemaje, mtoto?"

"Tunaulizana wote, Baba. Hata Mwalimu tunamwuliza. Juzi kakosea!"

"Kakosea vibaya sana," jirani yake akaongezea, kwa fahari.

Mkaguzi alimtazama mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa: kweli, alikosea. Chafya ile iliyokuwa ikingojwa sijui tangu mwaka gani ikaanza kusogea usoni mwa yule mzee. Ilipotoka, kumbe ni kicheko.

"Nitajuaje," alijiuliza, anakuna kidevu. "Nitajuaje... Zimeni jua!"

Hakuhitaji kurudia. Madirisha yakafungwa, sweta zikavuliwa zikasokomezwa kwenye kila upenyo. Giza likawa giza la ndani ya chungu. Kuna aliyekanyagwa, kuna aliyebweka kama mbwa, na vichwa viwili viligongana, kimoja kikasema "Samahani, Mheshimiwa," kingine kikasema "Usijali, mwanangu, usipumue tu, utawapeperusha."

Hapo mlango ukafunguka. Mkuu alisimama na trei ya soda, na kitu cha kwanza mwanga ulichommulikia ni makalio ya suti ya kijivu.

"FUNGA MLANGO!" lilinguruma darasa zima, Mkaguzi akiwazidi wote.

Mkuu akaufunga. Akajikuta yuko ndani, gizani, na trei inalia kwa kutetemeka.

"Tumewapa muda wa kutosha," Mkaguzi alisema. "Fungueni!"

Sweta zikaanguka, mwanga ukaingia. Mchwa walikuwa bado juu ya duara, wanazunguka bila wasiwasi. Darasa lililipuka. Watoto walipanda madawati. Mkaguzi alijipiga paja: "Nimekosea! Jamani, nimekosea kabisa!" Akachomoa kalamu yake ya dhahabu, akachora duara lake mwenyewe. Mchwa wakalikatiza bila hata salamu.

"Hii kalamu mnajua bei yake?"

"Wao hawajui, Baba," Kiroboto alimfariji.

"Basi ni harufu. Lazima ni harufu. Na msiniulize, najua mtaniuliza! Tutaijaribuje, Mwalimu?"

"Sijui bado, Mheshimiwa," mwalimu alisema, na machozi ya kicheko yalikuwa yakimtiririka. "Nilitaka tuanze na kupaka wino kwenye pamba, bila mstari, tuone kama wataifuata."

"Pamba! Mkuu, shule hii ina pamba?"

Mlangoni Kiitikio alikuwa amechungulia na boksi lake. "Mkuu, niingie sasa? Nianze na darasa langu?"

Mkuu alimtazama Kiitikio. Akamtazama Mkaguzi, aliyekwisha kurudi chini kwa magoti yake mawili, bega kwa bega na watoto. Akaiweka trei juu ya kitabu.

"Darasa lina mwenyewe," alimwambia. "Wewe nenda chumba cha huduma ya kwanza ukatuletee pamba. Kimbia, baba, kimbia!"