Sauti ya Baba, Nakala kwa Wote

Ndoto ya usiku wa jana sikuiomba, na mtu asinipe pole. Niliota mashine ya fotokopi dukani kwangu imeniita kwa jina.

"Nietiwe," ikasema, "unatakiwa barazani. Wamemleta baba yako."

Baba yangu, Mzee Mbonea, tulimzika Usangi, na kaburi tumelijengea. Lakini sikushangaa. Nilichouliza ni kama nifunge duka kwanza. Mashine ikasema nisifunge, yenyewe itauza.

Ngoja nieleze, msije mkaniona nina wazimu. Mama yangu ana presha, na hajawahi kumsikiliza mtu yeyote chini ya jua isipokuwa baba. Daktari akimwambia ameze dawa, anaguna. Mimi nikimwambia, ananiuliza kama nimekula. Baba alipoanza kuugua aliliona hilo, akaniambia, "Nirekodi." Basi nikaingia kwenye lile jukwaa la kutengenezea programu za simu, ambalo hata asiyesomea kompyuta analiweza: unaburuta vipande vya rangi, unavipachika kimoja chini ya kingine, na programu tayari. Nikapachika. Tangu hapo kila asubuhi simu ya mama inasema kwa sauti ya baba: "Mama Nietiwe, wakati umefika. Usinizungushe. Nakuangalia. Meza." Na mama anameza. Baba akafa, mama akaendelea kumeza.

Shida ilikuwa moja, sauti iligoma simu ikilala. Nikauliza mtandaoni, kwenye baraza la wanaotengeneza programu kwa jukwaa hilo. Desturi yao pale ni kwamba hujibiwi mpaka uweke mradi wako wote hadharani. "Weka mradi tuuone, dada." Nikauweka, na baba yangu ndani yake. Walinisaidia, siwezi kusema uongo. Halafu wakamnakili. Wakakata "Mama Nietiwe" mwanzoni, wakakata "Meza" mwishoni, wakabaki na maneno ya katikati yanayofaa kila kitu. Leo hii baba yangu, mzee wa kanisa, anahimiza watu wabeti. Anawakumbusha wengine kugeuza mayai kwenye mashine ya kutotolea. Nilipolalamika, nilijibiwa kwa picha ya kidole gumba.

Ndiyo maana sikushangaa kuitwa.

Natoka dukani, na nje si stendi ya Mwanga tena. Ni mlango tu, umesimama peke yake, na mlango wenyewe ni kipande kimoja cha njano, kama vile vya kwenye jukwaa, kilichonizidi urefu. Kimeandikwa KAMA.

"Kama nini?" kinaniuliza.

"Sijui. Nimeitwa."

"Mimi sifunguki bila sharti, dada. Nipe sharti."

"Kama mimi ni binti yake."

Kinafikiri. "Basi," kinasema, na kinafunguka.

Ndani wameketi wanajumuiya wa baraza. Miili hawana. Ni zile picha zao za duara, kila moja juu ya kiti cha plastiki: paka mwenye miwani, ua la waridi, nembo ya timu, gari ambalo mwenye picha hajawahi kulipanda. Wote wananipokea kwa pamoja.

"Karibu, mwanajumuiya mpya!"

"Mimi si mpya. Huu mwaka wa tatu niko nanyi."

"Karibu, mwanajumuiya mpya!"

Mwenyekiti ni alama ya vema ya kijani, ile wanayoibandika kwenye swali lililokwisha kujibiwa. Amevaa koti la suti, na kwa vile mkono wake mmoja ni mfupi, koti limemkaa vibaya. Ananiuliza tatizo langu nini.

"Mnamtumia baba yangu."

"Swali hili lilishajibiwa."

"Lilijibiwa na nani? Lilijibiwa nini?"

"Tafuta kwanza, ndipo uulize. Hiyo ndiyo kanuni."

"Nitafute wapi, mwenyekiti?"

"Nyuma yako."

Nageuka, na ukumbi ni dirisha la dawa la hospitali. Baba amekaa ndani ya dirisha, kavaa lile sweta lake la kahawia, midomo imempasuka kwa kukauka. Mbele yake foleni haina mwisho. Jamaa mwenye jezi anainama dirishani, na baba anamwambia, "Wakati umefika. Usinizungushe. Nakuangalia." Jamaa anashukuru, anakwenda kuweka mkeka wake wa kubeti. Anafuata kuku, amekuja kwa niaba ya mayai. Baba anamwambia yale yale. Inafuata saa ya ukutani iliyosahau kugonga. Baba anakohoa, anaanza upya. Hapumziki. Mtu aliyekufa, jamani, hata maji hapewi!

Ua la waridi linanipigia makofi, sijui kwa mikono gani. "Kazi nzuri sana, dada! Imetusaidia wengi."

"Hamna haya nyie? Huyo ni mtu. Ana mke, na mke ana jina."

"Jina tulilikata," anasema paka, kwa upole kabisa, "ili iwe rahisi kutumika."

Nilitamani kumvua ile miwani. Nikamezea, nikamgeukia mwenyekiti, nikamwuliza namna ya kumtoa baba pale.

"Rahisi," akasema. Kwao kila kitu rahisi. "Sauti ni moja tu, iko kwako. Nakala zote zinaazima kwako. Ukiifuta ya kwako, itanyamaza kote."

"Na kwenye simu ya mama?"

"Kote ni kote, dada."

"Hakuna namna ya kumwachia mama peke yake? Mama bila sauti hii hamezi dawa, na asipomeza ataanguka. Alishaanguka mara moja."

"Andika pendekezo. Likiungwa mkono na wengi, litafikiriwa katika toleo lijalo."

Nikasimama pale pale nikatoa pendekezo, kwamba baba aachwe amwambie mke wake tu. Kura zikapigwa. Kikanyanyuka kidole gumba kimoja, nacho kilikuwa changu.

Napita pembeni ya foleni mpaka dirishani. Wananizomea kwamba nimeruka mstari.

"Shikamoo, baba."

"Nakuangalia," anasema. Mengine hana. Tulirekodi hayo tu, na laiti ningejua, ningemrekodi siku nzima.

"Umechoka?"

"Usinizungushe."

Nikalia. Nikamwambia, "Baba, nikikufuta, mama hatameza. Unamjua mkeo. Nikikuacha, hawa watakukamua mpaka mwisho wa dunia. Nifanyeje?"

"Wakati umefika," akasema, na macho akayateremsha.

Sikujua kama ananijibu au anamhudumia anayefuata. Na hapo jamaa mwingine wa jezi akanigusa bega. "Dada, fanya chapuchapu, mechi inaanza."

Hiyo ndiyo iliyoniwasha. Nasema kweli, haikuwa huruma. Ilikuwa hasira. Wahenga walisema hasira hasara, lakini wahenga hao hawakumsikia baba yao akiharakishwa na mtu wa kubeti.

Pembeni ya dirisha pana pipa la taka, lile lile la kwenye jukwaa, la kona ya chini. Linafumbua mdomo na kuniuliza, "Una uhakika?"

"Ninao."

"Ukifuta, hairudi. Una uhakika?"

"Usinizungushe," nikaliambia.

Basi namburuta baba. Pale hakuna namna nyingine ya kumhamisha mtu, kila kitu kinaburutwa. Ni mwepesi kama alivyokuwa siku zile za mwisho, tulipokuwa tunambeba kumpeleka bafuni. Ananitazama mpaka kifuniko kinashuka.

Foleni nzima ikageuka kunitazama. Kisha kuku akauliza, "Sasa mayai?"

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia chumbani, na nyumba ilikuwa kimya kuliko kawaida. Nikajisemea ndoto ni ndoto tu, nikajifunga kanga, nikaenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, vidonge viko kiganjani, chai mbele yake imeota utando.

"Hujameza, mama?"

"Baba yako kachelewa leo," akasema.

Nikaichukua simu yake. Usiku simu ile hulala kwake, chini ya mto, mimi siigusi. Programu ipo. Rangi zake zipo, vitufe vyote vipo mahali nilipovipachika. Nikabonyeza pa kusikiliza sauti. Pameandikwa: *Hakuna sauti iliyohifadhiwa.* Nikazima simu, nikawasha, nikabonyeza tena. Mama alikuwa ananitazama vidole.

"Simu imeharibika kidogo," nikamwambia. "Meza tu mama, tafadhali. Nakuomba."

"Wewe umekula?"

Sikuwa na la kufanya. Nikasafisha koo, nikaishusha sauti chini kadiri nilivyoweza. "Mama Nietiwe," nikasema, "wakati umefika. Usini..."

Akaninyanyulia kiganja kingine, kile kitupu. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Jina hilo ni la baba yako kuniita," akasema. "Wewe niite mama."

Akavirudisha vidonge kwenye kikopo, kimoja kimoja, akakaza kifuniko, akachukua ufagio akaenda kufagia uwanja.