Mamba wa Daraja la Lukuga

Adjudan Ignace aliingia darasani bila hodi, akalaza bunduki yake juu ya meza yangu, palepale juu ya kitabu cha hadithi. Alikuwa mrefu, nawaambia, mvua ikinyesha Albertville inamlowesha yeye kwanza, sisi wengine baadaye.

Ilikuwa mwaka wa 1963. Yeye ndiye mkubwa wa bariyeri, kizuizi cha askari pale daraja la Lukuga, na kila mama aliyepita na kikapu cha mihogo alimwachia fungu. Mimi nami nilikuwa nasomesha hadithi ya mamba anayekaa kivukoni na kumkata kila mnyama sehemu ya mzigo wake. Nikimaliza, nauliza: "Huyu mamba, kwenu ni nani?" Hivyo ndivyo nilivyowafundisha watoto uchumi: nani anabeba, nani anakula. Jibu litoke nyumbani, si kitabuni.

"Bwana Mwalimu Valère," akasema, "nasikia humu munanisoma mimi."

"Tunasoma mamba, Papa Adjudan."

"Basi tuulize watoto. Wakinitaja, utalala kasho, na ufunguo nitautupa ziwani."

Akanyoosha kidole kwa Domitille, msichana wa dawati la mbele. Kati ya watoto wote, yeye! Asubuhi ileile mama yake, Emilie, alinyang'anywa nusu ya kikapu darajani, na darasa zima lilijua.

"We mutoto, mamba njo nani?"

Domitille akaitazama bunduki, akanitazama mimi. Nzi mmoja alisimama hewani, mabawa hayatikisiki.

"Mamba njo mama yangu," akasema. "Jikoni kwake haupite bure. Ukipita, leta maji. Ukirudi, twanga. Ukikaa, beba mudogo wako."

"Na wangu!" wenzake wakapiga kelele. "Wangu mubaya zaidi!"

Adjudan akacheka mpaka akakalia dawati. "Kama wangu wa Kiambi! Amezeeka vile, na bado anabeba mihogo mpaka sokoni..."

Akaacha kucheka. Njia ya Kiambi nayo ilikuwa na bariyeri, na mkubwa wake alikuwa mwingine.

"Mama yako anauza nini?" akauliza, sauti ya chini.

Nikamkonyeza mtoto aseme samaki, aseme chumvi, aseme chochote.

"Mihogo, Papa. Anapita Lukuga."

Akainua bunduki. Mlangoni akageuka, nami nikashika meza.

"Endelea na somo," akasema.

Kesho yake kikapu cha Emilie kikapita kizima. Vya wengine, hapana. Basi siku iliyofuata kila mwanamke aliyefika darajani alisema, "Mimi njo mama ya Domitille." Wasichana walisema, vikongwe wasio na jino walisema. Mwishoni akafika Papa Augustin, ndevu mpaka kifuani, amebeba mihogo ya mke wake.

"Na wewe?" Adjudan akamfokea.

"Mama ya Domitille," akajibu Augustin, bila kupepesa jicho.

Adjudan akamwangalia, akaiangalia foleni nyuma yake. Kisha akainua mti wa bariyeri, taratibu, kama mtu anayebeba kikapu.