Sentimita Kumi na Moja

Bahari ilianza kuganda Zakarias na mkwewe Jokum wakiwa bado ndani yake. Walikuwa wamekwenda kutoa nyavu za sili ng'ambo ya ghuba, safari ya mwisho ya mashua kabla ya majira ya mbwa kuvuta sleji juu ya bahari. Upepo ukakatika ghafla, mawingu yakatawanyika, na baridi ikateremka kama jiwe. Maji yakawa mazito kama mafuta, kisha kama uji. Injini ikaunywa ule uji, ikachemka, ikazimika. Walipiga makasia hadi mikono ikafa ganzi, ndipo wakaangukia kisiwa kidogo chenye kibanda cha wawindaji, wakaiburuta mashua juu ya mwamba.

Ukisimama mlangoni pa kibanda kile, taa za kijiji ulikuwa unaziona wazi, kilomita tisa tu. Zakarias aliitambua hata ya nyumba yake, ya tatu kutoka kanisani.

Binti yake, Paneeraq, aliwapata kwenye redio ya upepo.

"Mmeumia, baba?"

"Wazima kabisa. Tumekwama tu."

"Helikopta imefungiwa na ukungu huko mjini, na ikiruka itaanza na wagonjwa. Itabidi msubiri barafu."

Jokum akaidaka redio. "Na Ijumaa je?"

"Tutajua hiyo Ijumaa, mume wangu. Kwanza urudi."

Zakarias akamtazama. "Kuna nini Ijumaa?"

Jokum akajishughulisha na jiko la mafuta ya taa. Mtu wa kusini huyu, wa miji ambako bahari haigandi mwaka mzima. Mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. "Paneeraq alitaka kukwambia mwenyewe kesho, baada ya ibada," alisema mwishowe. "Tunahama, kwa helikopta ya Ijumaa. Nimepata kazi Denmark. Mimi, yeye na Nukaaka."

Nukaaka alikuwa na miaka minne, na ndiye mjukuu pekee aliyekuwa naye.

Kuanzia Jumapili ikawa ni kusubiri. Jua lilikuwa limeshaaga tangu wiki iliyopita, lisichomoze tena hadi mwaka mpya. Mchana ulikuwa mwanga wa buluu wa muda wa saa tatu hivi, basi. Katika mwanga huo Zakarias alishuka ufukweni na mtaimbo wake na kijiti alichokichonga alama, akatoboa barafu, akapima. Kazi hiyo alikuwa ameifanyia kijiji kizima miaka thelathini. Hakuna aliyetia mguu baharini kabla Zakarias hajasema imekubali.

"Ngapi?" Jokum aliuliza.

"Sentimita tatu. Nyeusi bado, inabonyea kama godoro."

"Inatakiwa ngapi?"

"Kumi, kwa mtu wa miguu. Hii ni ya chumvi, haina nguvu kama ya ziwani."

Jumatatu theluji ikanyesha. Jokum akafurahi, akidhani theluji ni baridi zaidi. Zakarias akamcheka. "Theluji ni blanketi, mkwe. Inaitia bahari joto. Omba iache." Ilipoacha alipima sita. Jumanne, nane.

Kibanda kilikuwa hatua nne kwa tatu. Walikula nyama ya sili ya kuchemsha asubuhi na jioni, wakalala miguu ya huyu kichwani pa yule. Jokum akikoroma, Zakarias anakohoa kwa makusudi. Zakarias akinyamaza, Jokum anaongea.

"Baba mkwe, wewe hata kunitukana hutaki? Nitukane basi, tupate joto."

"Nikikutukana utaelewa? Wewe lahaja yetu huijui."

"Matusi nayajua yote. Mwanao ndiye aliyenifundisha."

Zakarias alikaribia kucheka, akajizuia. Aligeukia ukuta, akamfikiria Nukaaka akikua akiongea lugha ya watu wengine, akija likizo na kushangaa mbwa.

Jumatano, saa tano asubuhi, alitoboa barafu mahali pa kawaida. Akatumbukiza kijiti. Kumi na moja. Akatoboa hatua kumi mbele. Kumi na moja. Mtaimbo ulilia ule mlio mkavu alioungojea siku zote hizo. Wangeondoka saa ile, saa nane wangekuwa nyumbani wanakunywa kahawa.

Alisimama pale muda mrefu. Ijumaa ilikuwa kesho kutwa. Ikipita, helikopta nyingine ni wiki inayofuata, na kazi huko Denmark huenda isingoje. Hakupanga neno. Alipofungua mlango na Jokum akainua uso na kuuliza "Ngapi?", neno lilitoka lenyewe.

"Nane. Imegoma. Kuna mkondo chini."

Jokum akapiga ngumi ukutani. Hakuuliza zaidi. Angeuliza nini, mtu wa kusini?

Saa tisa ulisikika mngurumo kutoka kina cha ghuba, kama mlima unaovunjika mgongo. Wote wawili wakatoka mbio. Mlima mmoja mkubwa wa barafu, wa ile inayoelea ghubani, ulikuwa umepinduka. Kwa mwanga wa mwezi Zakarias aliliona wimbi likija chini ya barafu, likiiinua bahari nzima taratibu kama kifua cha mtu anayevuta pumzi. Kisha nyufa, milio kama ya bunduki, na ile njia yote ya kilomita tisa ikawa vigae vinavyogongana juu ya maji meusi.

"Mungu wangu," Jokum alisema. "Bora hatukuwa humo." Akamshika bega. "Umetuokoa, mzee."

Zakarias aliutoa ule mkono, akaingia ndani.

Alhamisi redio ilikufa, na mafuta ya taa yakaisha. Baridi ilizidi hadi mate yakaganda kabla ya kufika chini. Walivunja kitanda, wakakichoma ndani ya debe, na moshi ukawatoa machozi. Barafu mpya ilikuwa imezaliwa kati ya vigae: sentimita nne. Jokum alianza kutetemeka kwa namna ambayo Zakarias hakuipenda, akawa anaongea na Nukaaka kana kwamba yupo.

"Jokum. Nisikilize. Jana ilikuwa kumi na moja."

"Nini kumi na moja?"

"Barafu. Ilikubali tangu asubuhi. Nilikudanganya. Tungekuwa nyumbani kabla ya lile wimbi."

Jokum alimtazama kwa macho mekundu ya moshi. Zakarias alingojea ngumi; angeipokea.

"Kwa sababu ya Ijumaa?"

"Kwa sababu ya Ijumaa."

"Wewe mzee ni mshenzi," Jokum alisema polepole, kwa lahaja ya pale pale kijijini, kila silabi mahali pake. Akahamia pembe ya mbali ya kibanda. Lakini usiku ulipobana alisogea, wakalala mgongo kwa mgongo chini ya ngozi moja, maana hapakuwa na namna.

Ijumaa, saba. Walichoma mlango wa ndani na kasia moja. Hawakusikia helikopta yoyote.

Jumamosi kijiti kilisoma kumi. Safari hii Zakarias alimwita Jokum, akampa kijiti aone mwenyewe. Kisha akajifunga kamba kiunoni na kutangulia, akipiga mtaimbo mbele ya kila hatua, Jokum nyuma yake mwendo wa kamba nzima. Kwenye rasi, penye mkondo wa kweli, mtaimbo ulipita kama kisu kwenye siagi, na kabla hajarudi nyuma mguu wake ulishazama hadi pajani.

"Lala chini!" Jokum alipiga kelele. "Lala, wewe! Usisimame!"

Alilala. Jokum naye akalala kifudifudi, akaivuta kamba kidogo kidogo, akimtukana kila mvuto, hadi akamtoa.

Walifika wakati mbwa wote wa kijiji wanalia. Paneeraq aliwakumbatia wote wawili kwa pamoja. Helikopta ya Ijumaa haikuruka. Ukungu ulikuwa haujaondoka mjini wiki nzima.

Zakarias alipoteza vidole viwili vya mguu. Dukani watu walimpisha kiti, wakasimulia jinsi alivyokataa kumruhusu kijana aondoke siku ile barafu ilipovunjika. "Huyu hakosei," walisema. "Miaka thelathini!" Jokum alikuwa kando, kikombe mkononi. Alikuwa hajamwambia mtu ukweli wa siku ile, hata mkewe. Na kadiri walivyomsifu, ndivyo Zakarias alivyoona kuta za kile kibanda zikimsogelea tena.

"Ilikuwa kumi na moja," alisema kwa sauti. "Nilipima nikaficha. Tulikaribia kufa kwa uongo wangu."

Paneeraq, aliyekuwa akimfunga Nukaaka kofia, aliacha mikono hewani. Kisha akambeba mtoto, akatoka bila kumtazama baba yake.

Waliondoka wiki iliyofuata. Paneeraq alimpa mkono wa kuagana, mkono tu. Jokum ndiye aliyemwinua Nukaaka hadi usawa wa uso wa babu yake na kumshikilia pale, muda mrefu kuliko rubani alivyotaka.

Helikopta ilipotokomea, Zakarias alishuka ufukweni akichechemea, wawindaji wakingoja na mbwa wao, na mwenzake mmoja wa kijijini akashika kijiti badala yake.

"Soma kwa sauti," Zakarias alimwambia. "Wote wasikie."

"Ishirini na mbili," yule mtu akasoma.