Simu za Mama Hazipokelewi

Nyumbani kwangu hakuna kitu kinachotupwa kabla hakijapita mikononi mwangu. Vipande vya sabuni vilivyokonda mpaka vinateleza navikusanya kwenye kopo, nikivitia maji ya moto vinakuwa sabuni ya kufulia. Maji ya kusuuzia nguo yanapiga deki. Dawa ya meno ikiisha naupasua mrija kwa mkasi, na watu wanapiga mswaki siku nne zaidi. Maharage nayaloweka tangu jana yake ili yasinilie gesi, na pasi inawashwa Jumapili tu. Asiyeleta shati lake Jumapili atalivaa na makunyanzi yake. Mume wangu, fundi wa mafriji ambaye pesa haikai mfukoni mwake hata ukiishonea, akanibatiza jina la Waziri wa Fedha. Majirani wakalidaka. Mwenye duka akiniona tu anasema, "Waziri kaja, leo hapa hakuna faida."

Sikuona haya. Niliona fahari, tena kubwa. Kazi yangu ni kushona kola za sare za shule kiwandani, na nalipwa kwa kola, si kwa siku. Mtu wa kazi kama hiyo akijua kubana matumizi anajiona ana kipaji.

Kipaji chenyewe nilikipata kwa Mama. Alikuwa mpishi wa shule kwa miaka ishirini na tisa, akilisha watoto mia tatu, na hakuna siku sufuria lake lilipungua wala kubaki. Alipostaafu alikataa kuhamia kwangu. "Jikoni kwako nitakuwa mgeni," alisema, "na ugeni mimi siuwezi." Akabaki kwenye vyumba vyake viwili upande wa pili wa mji, mabasi mawili kutoka kwangu, na presha yake na vidonge vyake.

Sasa, sheria ya simu niliitunga mimi. Hilo nataka lieleweke mapema, maana baadaye walijitokeza wengi wa kutaka kunipunguzia mzigo, na sikuwaomba.

Nilitaka kujua kila siku Mama kaamkaje. Kumpigia kila siku ilikuwa hasara. Yeye kunipigia ilikuwa hasara zaidi, kwa sababu Mama akishika simu ataanza na habari za kuku wa jirani, aje kwenye goti lake, aje kwenye bei ya mkaa, na salio linateketea kabla hajakwambia alichopigia. Tukakubaliana kubipiana. Akibipi mara moja, ameamka salama. Mara mbili, amemeza dawa. Mara tatu, ana maneno, nimpigie jioni. Jioni, kwa sababu kuanzia saa kumi na mbili bei ya kupiga simu ilikuwa inashuka. Na juu ya yote hayo, simu ya Mama haipokelewi. Ukiipokea umemlia pesa yake.

Mama alikuwa mwanafunzi hodari. Tulifanya mazoezi tumekaa kitandani kwake, miwani imemshuka puani, anapiga, inalia mara moja, anakata haraka kama anayechomoa kidole kwenye maji ya moto. Alicheka mpaka akakohoa.

"Kumbe naweza kuongea na wewe mwaka mzima bila senti!"

"Ndiyo maana yake."

"Mwanangu, una akili wewe."

Tulikwenda hivyo miaka miwili. Mume wangu alinung'unika mara moja tu. "Mheshimiwa Waziri," alisema, "siku moja mpokelee mama wa watu, asikie hata sauti." Nikamwambia sauti yangu ataisikia Jumapili nikienda, na kwamba anayetaka kutoa ushauri wa simu aanze kwa kulipa umeme. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Ile siku ilikuwa Jumanne. Saa moja asubuhi alibipi mara moja. Saa mbili, mara mbili. Kaamka, kameza dawa, nami nikainamia kola zangu na moyo mweupe. Shuleni walikuwa wanafungua wiki ile na kiwanda kizima kilikuwa kinakimbizana. Msimamizi anapita nyuma ya migongo yetu akipiga makofi kama anayefukuza ndege shambani.

Saa nne kasorobo simu ikatetemeka kwenye mfuko wa aproni. Nikaitazama: Mama. Ikalia mara moja, haikukatika. Ikalia tena, na tena. Nikasema moyoni, huyu leo kasahau kukata. Mguu wangu ulikuwa kwenye pedali ya cherehani, mkono mmoja umeshika kola, na kidole gumba cha mkono wa pili kikamkatia. Namwokolea pesa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, kwa maneno hayo hayo, namwokolea pesa yake.

Akapiga tena. Ikalia ndefu vile vile. Nikakata.

Akapiga mara ya tatu. Safari hii nilikuwa tayari, nikakata kabla haijamaliza mlio wa kwanza. Nikahesabu: moja, mbili, tatu. Nina maneno, nipigie jioni. Nikatabasamu, mimi mjinga, nikamwambia mwenzangu wa cherehani ya jirani, "Mama ana umbeya leo." Nikarudisha simu mfukoni. Siku ile nilishona kola sitini na nne, nyingi kuliko siku yoyote mwezi ule.

Saa tisa ikapiga namba nisiyoijua. Hiyo niliipokea, maana pesa ilikuwa ya mwingine. Alikuwa mshona viatu anayekaa kwenye kibaraza kilichopakana na mlango wa Mama.

"Dada, njoo hospitali kubwa. Nilimpelekea Bibi ndara zake, nabisha hodi kimya. Nikachungulia dirishani. Kalala chini, dada, na simu iko mkononi."

Kutoka saa nne kasorobo hadi saa tisa ni zaidi ya saa tano. Najua hesabu, ndiyo kazi ninayosifiwa. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alisema ni kiharusi, na kwamba kwa ugonjwa huu kila dakika ina thamani. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Hakuwa na namna ya kuita mtu?"

Mume wangu alinitazama. Nilikuwa nimeshamweleza tukiwa kwenye teksi, ya kwanza niliyoipanda kwa miaka mitatu. Akamjibu daktari, "Alikuwa peke yake." Baadaye kwenye korido akanishika bega akasema, "Hukujua." Nikalitoa bega langu. Nilimchukia kwa neno lile kuliko kama angenipiga kofi. Ningejua vipi, wakati nilihakikisha mwenyewe kwamba sitajua?

Mama hakufa. Upande wa kulia ulikufa, mkono na mguu, na sauti ikaondoka. Akili ilibaki nzima. Ukimwambia "funga macho" anafunga, ukimwambia habari za mtu anayemjua anaguna au anakunja uso. Ila neno halitoki. Anafungua mdomo, shingo inakaza, inatoka pumzi.

Muuguzi alinikabidhi vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Simu ilikuwa ndani. Nikaangalia salio, sijui kwa nini, labda mazoea tu. Salio lake lilikuwa kubwa kuliko langu. Kila senti niliyomtumia ya simu kwa miaka miwili ilikuwa bado imo humo. Tungeweza kuongea siku nzima, kuku wa jirani na goti na mkaa, na ingebaki. Nililia pale pale mbele ya kaunta ya dawa, na watu kwenye foleni wakanipisha mbele wakidhani nimefiwa.

Tukamleta nyumbani. Ule ugeni asiouweza ukawa ndio maisha yake. Tulimpa chumba chetu, sisi tukahamia sebuleni. Kila asubuhi nilimwosha, nikampaka mafuta, nikaenda kwenye kola zangu, na mshona viatu yule, mtu asiye hata ndugu yetu, akawa anakuja mchana kumgeuza na kumkalisha mpaka mume wangu arudi. Yeye ndiye aliyesikia habari za dada mmoja wa mazoezi ya kusema.

Dada huyo alikuwa na chumba kidogo chenye kioo na picha za vitu: kikombe, mlango, ndizi. Anawafundisha kusema watu waliopigwa na kiharusi. Alimpima Mama mdomo, ulimi, pumzi, akamwambia mwenyewe, si mimi, "Mama, maneno yako bado yapo. Njia ndiyo imeziba. Tukifanya kazi kila wiki, miezi mitatu, mengi yatarudi." Kisha akaniambia pembeni kwamba miezi hii ya kwanza ndiyo yenyewe, ikipita bila mazoezi, njia inaziba moja kwa moja. Akataja bei yake. Nikaguna.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuomba nipunguziwe. Tuliuza friji. Mtaa mzima ulicheka, nyumba ya fundi friji haina friji, na mume wangu alicheka nao, akasema anapumzisha macho. Nikalipa mbele mwezi mzima na nusu. Kama kuna kitu nilikitaka duniani ni kuisikia sauti ya Mama, hata kama ni ya kunitukana. Hasa ya kunitukana. Nilikuwa na deni la kusikiliza.

Wiki ya kwanza hakuna kitu. Ya pili, "mmm". Ya tatu, "ma", na dada yule akapiga makofi. Mama alijitahidi kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Jasho linamtoka, kitambaa kinalowa, na kwenye teksi ya kurudi nyumbani analala begani kwangu mdomo wazi. Nilikuwa nafanya naye mazoezi kila jioni mbele ya kioo cha kabati. Ma. Ba. Ka. Mume wangu akipita anaitikia "ka" na yeye, na Mama anacheka kwa nusu ya uso.

Wiki ya nne, dada wa mazoezi alikuwa amemwonyesha picha ya kikombe. Mama hakuitazama. Alikuwa anatazama chumba: kile kioo kikubwa, kiti cha ngozi, feni, sakafu inayong'aa. Kisha akanigeukia mimi, shingo ikakaza, midomo ikatafuta, na likatoka, zito na limepinda, lakini la kwake, sauti ile ile iliyokuwa inawatuliza watoto mia tatu wenye njaa.

"Bei... gani?"

Dada yule aliruka kutoka kwenye kiti. "Swali zima! Mama, umeuliza swali zima!" Akanikumbatia, akamkumbatia Mama, akaenda kumwita mwenzake wa chumba cha pili aje asikie. Mimi machozi yalikuwa yananibubujika, nacheka na nalia, na kwa kuwa nimeulizwa bei, na kwa kuwa tangu nizaliwe Mama akiniuliza bei namjibu bila kuficha hata senti, nikamjibu. Nilitaja bei ya kila wiki. Kwa ujinga wangu nikaongeza na nauli ya teksi.

Mama alinitazama. Akafumba mdomo.

Yule mwenzake wa chumba cha pili alipoingia akaambiwa, "Msikilize huyu," Mama akamtazama kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa chakula naye ameshiba. Hakusema kitu. Nikadhani kachoka.

Wiki ya tano alikaa kwenye kile kiti na midomo imefungwa. Picha ya kikombe, kimya. Picha ya mlango, kimya. "Ma, Mama, sema ma." Kimya. Nyumbani nikapiga magoti mbele yake. "Mama, ni bure. Nilikosea. Kuna watu wanatulipia." Akaniangalia kwa jicho lile alilokuwa ananiangalia nalo nikiwa mtoto, nimelamba sukari na mdomo una chenga. Mume wangu akajaribu, mshona viatu akajaribu, akamwambia, "Bibi, hata mimi najua ni bure." Mama akamtikisia kichwa, naye mshona viatu akatoka nje kufuta uso.

Wiki ya sita dada wa mazoezi aliniita pembeni.

"Dada, haya si maradhi tena," alisema. "Anaweza. Nimeona koo lake linavyosogea, anayazuia. Na mimi siwezi kumfundisha mtu asiyetaka. Kuendelea kuchukua pesa yenu itakuwa dhambi."

"Siku zinapita," nikamwambia. "Si ulisema ikipita miezi hii ndiyo basi?"

"Nilisema."

Akafungua droo, akahesabu pesa ya siku ile, ambayo nilikuwa nimeshailipa, akanirudishia mbele ya Mama. Sikutaka kuipokea. Tukasukumana mikono pale kama wanaogombea kulipa hotelini, mpaka akaniwekea kiganjani akakifumba. Nikaitia kwenye pochi. Mama alikuwa anafuatilia kila noti kwa macho. Pochi ilipofungwa, akaunyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akanipapasa mgongo wa mkono wangu mara mbili, taratibu, ameridhika, akanionyesha mlango ili twende nyumbani.