Nyuzi Tisini

Nurdini alitoka hospitali tarehe kumi na mbili Novemba akiwa na vyuma kwenye paja la kulia, kiti cha magurudumu cha kuazima, na namba moja ya kufikia: tisini. Pikipiki ilikuwa imemwangusha kazini, kwenye kilima cha mawe upande wa Hombolo, na mfupa wa paja ukavunjika karibu kabisa na goti. Daktari alimkataza kukanyaga kwa wiki kumi na mbili. Goti lenyewe, alisema, lazima lianze kukunjwa mara moja. Mguu ulionyooka ni sifuri. Mtu anayepanda pikipiki anahitaji pembe ya nyuzi tisini. Goti la Nurdini lilikuwa na thelathini.

Paulina, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alilipima kwa rula ya plastiki yenye mikono miwili, akampangia kila Jumanne na Alhamisi. Hakumficha kitu.

"Mle ndani makovu yanashikana," alisema. "Tukiyawahi yataachia. Wiki ya kumi na mbili ikikukuta hapo hapo ulipo, kaka yangu, nitakuwa nakukanda tu."

Miadi ilikuwa ishirini na nne. Nurdini, fundi upimaji wa ardhi, alipiga hesabu akiwa bado kitandani: nyuzi mbili na nusu kwa kila miadi. Kampuni yake ilikubali kumsubiri hadi mwisho wa Februari. Kazi ilikuwa ni kupanda vilima na chombo begani, na kufika kwenye vilima hivyo kwa pikipiki. Kazi ya mezani waliyokuwa nayo ilikuwa moja, na ilikuwa na mtu.

Kutoka nyumbani kwake Mkonze hadi mahali bajaji zinaposimama ni mita mia tatu na kumi. Katikati, njia inapita kati ya ukuta wa mzee Yotham, wenye shamba la zabibu nyuma yake, na jiko la Joha, mjane anayeuza maandazi. Hapo upana ni mita moja na sentimita ishirini. Bajaji haipiti. Kiti kinapita. Njia ya kuzunguka inafuata korongo, nayo ni mchanga mtupu. Bajaji moja ilijaribu, ikanasa kwa saa nzima, na dereva hakupokea simu tena.

Wiki tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Mkewe, Mwanaidi, alisukuma kiti hadi barabarani, na Nurdini hakukosa hata mara moja. Goti lilifika arobaini na tano, kama alivyokuwa amekokotoa.

Tarehe sita Desemba ilinyesha mvua ya kwanza ya maana. Maji yote ya mteremko ule yalibanwa kati ya ukuta na jiko, na asubuhi kulikuwa na mfereji katikati ya njia, upana sentimita sitini, kina arobaini. Watu waliuruka bila kusimama. Magurudumu ya kiti yameachana kwa sentimita hamsini na saba. Mwanaidi alijaza mawe. Mvua ya pili iliyabeba. Akajaza viroba vya mchanga. Navyo vilikutwa korongoni. Kufikia Krismasi kina kilikuwa sentimita sabini.

Ilibaki kubebwa, na kubebwa kulihitaji watu wanne. Lakini mvua iliyochimba mfereji ndiyo iliyowaita watu mashambani. Mtama haumngoji mtu. Kufikia saa moja asubuhi mtaa ulikuwa umebaki na wazee, watoto na wanawake wenye vichanga. Mara mbili Joha aliacha karai lake motoni, akakusanya wapita njia. Mara ya pili mikono iliteleza na mguu ukagonga ukuta, na miadi miwili iliyofuata ikapotea kwa sababu ya uvimbe. Kuhamia mjini hakukuwezekana: dada yake Nurdini aliyeko huko alikuwa na chumba kimoja na watoto wanne. Nyumbani, Mwanaidi alijaribu kulikunja goti mwenyewe kama Paulina alivyomwelekeza. Nurdini alimtukana kwa maumivu. Mwanaidi hakujaribu tena.

Jumapili ya kwanza ya Januari alisukumwa hadi kwenye geti la nyumba ya mzee Yotham, ambalo liko upande huu wa mfereji. Mzee alikuwa ametoka kanisani, shati bado limefungwa hadi shingoni. Nurdini alimwamkia, akapokea pole zake, akaeleza haja yake kwa ufupi: ukuta utobolewe huku chini na kule juu, mita moja kila upande, kiti kipite ndani ya shamba hadi Februari. Yeye atauziba kwa gharama zake.

Mzee Yotham aliingia ndani, akarudi na ramani yake ya kiwanja ndani ya bahasha ya kaki. Aliiweka kwenye mapaja ya Nurdini. Sahihi ilikuwa ya Nurdini.

Haikuwa lazima aonyeshwe. Miaka miwili kabla, mtaa ulipopimwa, mchoro ulitaka njia ya mita sita pale. Mizabibu ya mzee ilikuwa imeingia humo kwa mistari miwili, na Joha alikuwa amekwisha kujenga jiko. Kamati ya mtaa ilisimama juani kwa saa tatu nzima, na kati ya mzee na Joha hakuna aliyetaka kurudi nyuma hata hatua. Ilikuwa Ijumaa, siku ya mwisho ya kazi. Nurdini alisogeza mawe ya mpaka, akaandika "njia ya miguu", akafunga chombo. Hakupokea chochote kwa mtu. Alitaka kumaliza.

"Mpimaji," mzee alisema, "nilikuuliza mbele ya kamati, mara mbili: hii itatosha? Ukasema, mzee, hapa wanapita watu wenye miguu. Tukacheka wote, na mimi nilicheka."

"Nilisema."

"Basi nikajenga ulipoweka mawe. Leo unasema nitoboe. Sikatai kwa ubaya. Nikitoboa kule juu, maji yatakwenda wapi? Wewe ndiye unayejua miinuko."

Nurdini aliijua. Shamba liko chini ya njia kwa sentimita thelathini na tano. Maji yangeingia kwenye mizabibu kwa mvua moja, na mizabibu ile ilikuwa na miaka kumi na tatu. Angeulizwa kama mtaalamu, angeandika kwamba ukuta usiguswe.

"Yataingia kwako," alisema.

"Haya. Umenijibu mwenyewe."

Siku iliyofuata alimwandikia mwenyekiti wa mtaa barua ya kukiri kosa na kuomba njia irudishwe mita sita. Mwenyekiti alikuja nayo mkononi. Alisema ni barua nzuri, na kwamba inahitaji ridhaa ya wenye viwanja vyote viwili, kwa sababu sasa wana hati. Joha alisema jiko lake atalitoa hata kesho, kwa ajili ya baba Hamida, kama alivyozoea kumwita Nurdini. Hiyo ilikuwa ridhaa moja.

Tarehe nne Februari alibebwa kwa mara ya mwisho. Kati ya miadi ishirini na nne alikuwa amehudhuria tisa. Paulina alipima mara tatu, akaandika wastani: hamsini na mbili. Alimpa magongo, akaagiza kiti kirudishwe. Nurdini aliuliza kama upasuaji mwingine ungesaidia. Paulina alisema kuna watu hufanyiwa, na baada yake huja mazoezi, kila siku, kwa miezi mitatu. Kampuni ilituma barua kabla mwezi haujaisha.

Asubuhi moja ya Machi alitoka peke yake kwa magongo. Mita mia moja na arobaini zilimchukua dakika kumi na moja. Kwenye mfereji alisimama. Ili kuuvuka, mtu huinua goti. Aliegemea ukuta, akautupa mguu mbele. Kisigino kiligonga ukingo wa pili na kurudi. Alijaribu kinyumenyume. Alijaribu kwa ubavu, na gongo moja likatumbukia.

Wanafunzi wawili waliruka, wakamsalimia, wakaendelea. Nyuma ya ukuta mkasi wa kupogolea ulinyamaza.

"Nani hapo?" mzee Yotham aliuliza.

"Nurdini."

"Umeshapita?"

Nurdini aliangalia gongo lake ndani ya mfereji. Kina kilikuwa kimefika mita moja.

"Bado," alisema, na mkasi ukaendelea.